Kuzipima Feni za Kompyuta Kabla Vifaa Vingine Havijawasili

Anayejiundia kompyuta kwa kununua vifaa kimoja kimoja hupitia kipindi cha kusubiri ambapo feni na kasha vimeshafika, ilhali ubao mama, prosesa na pengine hata pawa saplai bado viko njiani. Wengi hukiacha kipindi hicho kipite bure, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa sababu feni ni miongoni mwa vifaa vichache katika orodha nzima vinavyoweza kufanya kazi yake bila msaada wa kingine. Haihitaji prosesa, haihitaji programu, wala haihitaji kufungwa ndani ya kasha. Ikipata umeme wa volti 12, tena kidogo tu, itaonyesha papo hapo kama inazunguka sawasawa, kama beringi yake ni nzima, na kama nyaya zake zinapokea na kutuma ishara inavyotakiwa.

Faida kubwa ya kupima mapema haiko katika kuokoa muda. Kompyuta ikishakamilika, feni isiyozunguka huwa na washukiwa wengi: feni yenyewe, soketi ya ubao mama, mpangilio wa BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) unaoizuia feni isianze hadi joto lifike kiwango fulani, habu (kifaa cha kuunganishia feni kadhaa pamoja) isiyopata umeme, au plagi iliyoingia nusu. Mezani, ikiwa chanzo cha umeme kinajulikana kuwa kizima, mshukiwa hubaki mmoja. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala kila hatua inayofuata hapa: jaribio lenye vitu viwili visivyojulikana halijibu swali lolote. Kuna pia jambo la muda wa kurudisha bidhaa, ambao mara nyingi huhesabiwa tangu siku mzigo ulipopokelewa, wala haungojei siku ambayo mwenye mzigo atapata nafasi ya kuutumia.

Nyaya za feni na rangi zinazopotosha

Feni za makasha huendeshwa na mota isiyo na brashi. Ndani ya kitovu chake mna koili zilizotulia, sumaku inayozunguka pamoja na mapanga, na chipu ndogo inayohisi sumaku imefika wapi ili ibadilishe mwelekeo wa umeme katika koili kwa wakati unaofaa. Kuwapo kwa chipu hiyo kuna athari mbili ambazo mpimaji anapaswa kuzijua. Kwanza, chanya na hasi zikigeuzwa, feni haitazunguka kinyume kama zinavyofanya mota za brashi. Itakaa kimya, na kama haina kinga ndani yake inaweza kuungua. Pili, kuianzisha feni iliyosimama kunadai volti nyingi kuliko kuiendeleza ile ambayo tayari inazunguka, kwa hiyo feni inaweza kuonekana nzima ikishuka taratibu hadi volti chache, kisha ikakataa kuanza kwa volti zizo hizo.

Plagi ya feni huwa na pini tatu au nne. Pini ya kwanza ni ya hasi, ya pili hupokea volti 12, na ya tatu hupeleka kwenye ubao mama ishara ya kasi. Pini ya nne, inapokuwapo, hupokea amri ya kasi kutoka kwenye ubao mama kwa mfumo uitwao PWM, ambamo umeme wa ishara huwashwa na kuzimwa takriban mara 25,000 kwa sekunde, na kasi ya feni hufuata sehemu ya muda ambayo ishara hiyo imewashwa.

Mpangilio huo wa nafasi haubadiliki. Kinachobadilika ni rangi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Feni nyingi za pini tatu zina waya mweusi wa hasi, mwekundu wa volti 12 na wa njano wa ishara. Mwongozo wa Intel wa feni za pini nne, katika toleo lake la mwaka 2005, unataja nyeusi kwa hasi, njano kwa volti 12, kijani kwa ishara na bluu kwa amri ya kasi. Kwa maneno mengine, waya wa njano katika feni moja hubeba ishara, na katika feni nyingine hubeba umeme wenyewe. Kana kwamba hilo halitoshi, katika kebo ya Molex, yaani ile yenye plagi kubwa ya pini nne inayotoka kwenye pawa saplai, waya wa njano ni volti 12 na mwekundu ni volti 5. Anayeunganisha nyekundu kwa nyekundu kwa kudhani kuwa rangi zinalingana anaipa feni yake chini ya nusu ya umeme inaouhitaji, kisha anaihukumu kuwa dhaifu. Feni nyingi za sasa, kwa upande wao, zina nyaya nyeusi tupu na hazimsaidii mtu kwa lolote.

Kwa sababu hiyo, zihesabu nafasi na uziache rangi. Katika plagi ya pini tatu, volti 12 iko katikati daima. Katika plagi ya pini nne, tazama matuta mawili membamba ya plastiki yaliyo ubavuni mwake: yamesogezwa upande wa pini ya kwanza, na pini iliyobaki peke yake mbali nayo ndiyo ya nne. Ukianzia hapo na kurudi, utakutana na ishara, kisha volti 12, kisha hasi. Hata hivyo, anayeweza kupata kebo ya kugeuzia, iwe ya kutoka Molex au SATA (plagi bapa ya umeme wa diski) kwenda kwenye plagi ya feni, aitumie hiyo. Kebo hiyo inaingia kwa namna moja tu, nayo inauondoa uwezekano wa kukosea.

Umeme utoke wapi

Kama pawa saplai imeshafika, hiyo ndiyo chanzo bora, kwa kuwa kanuni za ATX, yaani viwango vya vifaa vya kompyuta za mezani, zinaitaka itoe volti 12 kwa upungufu au ziada ya asilimia chache tu. Tatizo ni kwamba haiwaki kwa swichi yake ya nyuma pekee. Inangoja ubao mama uunganishe pini ya 16 ya ile plagi kubwa ya pini 24 na hasi. Katika kebo zenye rangi, pini hiyo ina waya wa kijani, na pande zake zote mbili, kwenye pini ya 15 na ya 17, kuna nyaya nyeusi za hasi. Yapo madaraja madogo ya plastiki yaliyotengenezwa kwa kazi hii, na baadhi ya pawa saplai huja nayo ndani ya boksi. Unaichomeka plagi ya pini 24 kwenye daraja na kazi imekwisha. Asiye nalo anaweza kutumia kipande kifupi cha waya wenye ganda, lakini akiweke wakati kebo ya ukutani imechomolewa, na ahakikishe namba za pini kwa mchoro wa pawa saplai yake ikiwa nyaya ni nyeusi zote. Kukosea pini moja hapa kunaweza kuunganisha volti 5 au 3.3 na hasi. Pawa saplai nzima itajizima yenyewe kwa kujikinga, ila si jambo la kulijaribu makusudi.

Mambo mawili huwatisha watu katika hatua hii bila sababu. La kwanza ni feni ya pawa saplai yenyewe kutozunguka. Nyingi za kisasa huiacha feni yao isimame hadi mzigo (umeme unaovutwa) au joto lipande, na feni za kasha tatu au nne hazifiki huko. La pili ni pawa saplai za zamani kuwaka na kuzima mara moja, kwa sababu baadhi yao hudai mzigo kidogo ndipo zitulie. Jambo moja, kinyume chake, linastahili kuogopwa kikweli: kebo za pawa saplai ya aina nyingine. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote, hata pale ambapo umbo la plagi linafanana kabisa, na kebo iliyoazimwa inaweza kupeleka volti 12 mahali palipotengewa volti 5.

Kama pawa saplai bado haijafika, adapta ya volti 12, kama zile zinazotumika kwenye ruta nyingi, inatosha kabisa. Isome lebo yake. Lazima iandike kuwa inatoa umeme wa DC, volti 12, na mchoro wa plagi yake ya duara uonyeshe kuwa chanya iko katikati, ama sivyo kebo yako ya kugeuzia iwe imeundwa kwa mpangilio wa adapta hiyo. Ampea za adapta zikiwa nyingi kuliko za feni hakuna madhara yoyote, kwa sababu feni huvuta kiasi inachohitaji tu. Kinachoweza kuidhuru ni volti. Feni iliyoandikwa 0.2 A hula wati 2.4, kwa hiyo adapta ya ampea 1 huendesha feni tatu za namna hiyo na kubakiza nafasi kwa ule mvuto mkubwa wa mara moja unaotokea feni zinapoanza. Ziepuke adapta za zamani, nzito, zenye transfoma ndani na zisizodhibiti volti zake: zinapobeba mzigo mdogo huweza kutoa volti nyingi kuliko zilizoandikwa. Dakika moja ya kuzipima kwa multimita (kipimia umeme) kabla ya kuunganisha feni ni dakika iliyotumika vizuri.

Betri ya volti 9 na USB ya volti 5 hutoa majibu nusu. Feni ikizunguka kwa betri ndogo, umejua kwamba mota yake ni hai, ingawa betri hiyo itachoka upesi na hutajua chochote kuhusu kasi kamili. Isipozunguka kwa volti 5, hujajua lolote, kwa kuwa feni nyingi nzima hazianzi kwa volti hizo. Zipo kebo za USB zinazopandisha volti 5 hadi 12, nazo ni nzuri, ila hesabu yake izingatiwe: wati 2.4 kwa volti 12 ni karibu ampea 0.5 kwa volti 5 kabla hata hatujahesabu upotevu wa kupandisha, na hicho ndicho kikomo cha tundu la kawaida la USB 2.0. Chaji ya simu yenye ampea 2 inafaa zaidi.

Betri ya gari siipendekezi, japo volti zake zinakaribiana. Ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba wa feni huyeyuka kabla mkono haujaondoka. Vilevile siupendekezi ule ujanja wa kuiunganisha feni kati ya volti 12 na volti 5 za Molex ili ipate volti 7. Inazunguka, ni kweli, lakini inausukuma umeme kuelekea njia ya volti 5, na mezani, ambapo hakuna kifaa kingine cha kuutumia umeme huo, pawa saplai inaweza kuvurugika.

Kuangalia, kusikiliza, kupima

Kabla ya umeme, zungusha mapanga kwa kidole. Yanapaswa kwenda laini na kusimama polepole, yakijivuta kidogo mwishoni kwa sababu ya sumaku. Yakisimama ghafla, au ukihisi mchanga ndani ya kitovu, kuna tatizo ambalo umeme hautaliponya. Tazama pia kama fremu imepinda na kama waya umebanwa mahali ambapo mapanga yanapita.

Kisha iwashe huku umeishika kwa pembe za fremu. Usiilaze mezani, kwa sababu ubao wa meza huchukua mtikisiko mdogo na kuukuza kuwa mvumo ambao si wa feni. Ishike kwanza ikiwa imesimama wima, jinsi itakavyokaa mbele au nyuma ya kasha, kisha ilaze ikitazama juu, na mwisho chini, jinsi itakavyokaa kwenye paa la kasha. Uzito wa mapanga hugandamiza beringi kwa namna tofauti katika kila mkao, na beringi rahisi za bushi hasa huweza kuwa kimya zikisimama na kuanza kukwaruza zikilazwa. Sauti ya hewa inayokatwa ni ya kawaida na huongezeka kwa kasi. Mlio wa tiki-tiki unaofuata mzunguko humaanisha ama waya unagusa panga ama beringi ina kasoro. Ondoa waya na usikilize tena. Mkwaruzo usiobadilika kila panga linapopita ni wa beringi. Mtikisiko unaohisiwa vidoleni, unaopanda na kushuka, huonyesha mapanga yasiyo na uzito sawa, na ukishafungwa kwenye bati la kasha utageuka kelele.

Zima na kuwasha mara kadhaa, ukiiacha isimame kabisa kila mara. Feni nzima huanza yenyewe kila mara. Feni inayojitikisa mbele na nyuma kama inayotafuta njia, kisha ikaondoka baada ya kusukumwa kwa kidole, haifai hata kama baada ya hapo inazunguka vizuri, kwa maana ndani ya kasha hakuna kidole.

Wakati huohuo thibitisha mwelekeo wa hewa. Katika feni za kawaida hewa huingia upande ulio wazi na kutokea upande wenye mihimili inayoshika mota. Kipande cha karatasi nyembamba kitakuonyesha bila ubishi: upande wa kuingilia kitanaswa, upande wa kutokea kitapeperuka.

Kasi inaweza kupimwa kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde. Weka nukta ya kalamu kwenye panga moja, rekodi, kisha hesabu picha ngapi zinapita hadi nukta irudi ilipokuwa. Feni ya mizunguko 1,200 kwa dakika huzunguka mara 20 kwa sekunde, kwa hiyo nukta itarudi baada ya picha 12. Mwenye multimita inayopima hezi, yaani mapigo kwa sekunde, ana njia ya uhakika zaidi, ambayo pia inaujaribu waya wa ishara: aweke rezista ya kilo-omu 10 kati ya pini ya volti 12 na pini ya ishara, apime hezi kati ya ishara na hasi, kisha azidishe kwa 30, kwa sababu feni hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Hezi 40 ni mizunguko 1,200. Watengenezaji wengi huruhusu tofauti ya asilimia 10 kutoka kwenye kasi waliyoiandika, hivyo feni mbili za boksi moja zikitofautiana kidogo si kasoro. Waya huo wa ishara si pambo. Feni isiyoutuma ujumbe wake, ikichomekwa kwenye soketi ya feni ya prosesa, inaweza kuufanya ubao mama ulalamike kila kompyuta inapowashwa, ingawa mapanga yanazunguka.

Pini ya nne nayo hupimwa kwa urahisi wa kushangaza. Ikiachwa bila kuunganishwa, feni ya PWM hukimbia kwa kasi yake ya juu kabisa; ndivyo ilivyoagizwa, ili kukatika kwa waya kusisababishe joto. Ikiunganishwa na hasi, yaani pini ya kwanza, feni hupokea amri ya chini kabisa na inapaswa kushuka hadi kasi yake ndogo au kusimama, kutegemea ilivyoundwa. Jaribio hili ni salama, kwa sababu mwongozo wa Intel unaiwekea pini hiyo kikomo cha volti 5.25 na miliampea 5, mradi waya wako usiiguse pini ya pili. Feni ambayo kasi yake haibadiliki hata kidogo ina kasoro katika upande wa amri, na kasoro hiyo ni vigumu sana kuitambua baadaye, kwani mtu atahangaika na mipangilio ya BIOS kwa saa nyingi.

Tabia hiyo ya kukimbia kwa kasi kamili pasipo amri ndiyo chanzo cha hukumu nyingi zisizo za haki. Mtu huiwasha feni mezani, akasikia makelele, akaamua kuirudisha. Ndani ya kompyuta ni nadra feni hiyo kufika kasi hiyo. Kasi ikipunguzwa nusu, hewa hupungua nusu vilevile, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo kila sikio huitambua. Feni ihukumiwe kwa kelele za beringi na mtikisiko. Upepo wa kasi kamili si hoja.

Taa nazo zina mtego wake. Taa za ARGB, ambazo kila moja huweza kupewa rangi yake, zenye plagi yake ya pini tatu kati ya nafasi nne, hutumia volti 5 na hazionyeshi rangi bila kupokea data. Zikikaa gizani mezani hazijafa, zinasubiri kidhibiti. Taa za RGB za pini nne, ambazo zote hubadilika rangi kwa pamoja, hutumia volti 12. Ukizipa za ARGB volti 12 utaziua papo hapo, na kwa kuwa mezani umeme ulio mkononi mwako ni volti 12, plagi ya taa ifungwe kando kwa mkanda hadi feni imalize kupimwa. Habu nayo isubiri: pima feni moja moja kwanza bila habu, kisha zipitishe kwenye habu, ukikumbuka kwamba habu nyingi huripoti kasi ya feni moja tu kati ya zote.

Feni zilizopita hatua hizi ziache zizunguke kwa saa chache. Kitovu kuwa na uvuguvugu si neno. Kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, hiyo imeshindwa. Jaribio la mezani halitakuambia prosesa itapoa kiasi gani, wala sauti itakuwaje feni ikivuta hewa kupitia wavu wa vumbi, ambao huizuia hewa na huongeza mlio.

Feni ikionekana mbovu, ibadilishie kebo na chanzo cha umeme kabla ya kumwandikia muuzaji, na uweke feni nyingine iliyokwisha kufaulu kwenye kebo ileile. Hiyo ikizunguka na ile ikagoma, rekodi video fupi inayoonyesha lebo ya feni na tatizo lenyewe kwa pamoja. Na katika majaribio yote haya usikate wala kuchuna nyaya za feni ili kupata shaba, hata pale plagi inapokusumbua, kwa sababu muuzaji akikuta waya umekatwa ana sababu ya kukataa kuipokea, hata kama beringi ilikuwa mbovu tangu kiwandani.